Kilango cha Kamera Kinapokwama: Istilahi za Hitilafu Zake

Kitenzi "kukwama" ni miongoni mwa vitenzi vinavyotumikishwa sana katika Kiswahili. Gari hukwama matopeni, jalada hukwama ofisini, mwiba wa samaki hukwama kooni, na mradi hukwama kwa ukosefu wa fedha. Katika mazungumzo ya kawaida hapana anayelalamika, kwani mazingira ya jambo humwelekeza msikilizaji. Katika lugha ya ufundi hali ni nyingine. Mpiga picha anapomwambia fundi kwamba shata ya kamera yake imekwama, amemwarifu kwamba picha haipatikani, basi, hakumwambia kilichotokea. Nyuma ya neno hilo moja zimejificha hitilafu zisizopungua tano, na dawa ya mojawapo yaweza kuwa sumu kwa nyingine.

Makala haya yanakusudia kuzitenganisha hitilafu hizo, kama zinavyotokea katika kamera kubwa za zamani zitumiazo filamu, na kupendekeza jina la kila moja. Kamera hizo zinatufaa kwa kuwa mtambo wake unaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio, tofauti na kamera za leo ambazo kazi yake hufanywa ndani kwa ndani na umeme. Tena zingali zinatumika. Wako wapiga picha, hata vijana, wanaozifufua, na vitabu vyake vya maelekezo vimeandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha namna hiyo hana budi kujua anachokitaja.

Kamera kubwa ni ile itumiayo filamu iliyokatwa vipande, si ya kuviringwa. Vipimo vilivyoenea ni inchi 4 kwa 5 na inchi 8 kwa 10. Kipande cha inchi 4 kwa 5 kina eneo la kiasi cha mara 15 ya picha moja ya filamu ya milimita 35, na ndiyo sababu ya watu kuvumilia uzito na taabu ya kamera hizi. Mpiga picha huitazama taswira juu chini katika kioo chenye ukungu nyuma ya kamera, akiwa amejifunika kitambaa cheusi; kisha hufunga lenzi, hutia kasha la filamu mahali pa kile kioo, huvuta kibao kinachoizuia nuru, na hufyatua. Kila kipande ni picha moja tu. Kilango kikikosea, kipande kimekwenda, na pengine na tukio lenyewe limekwenda.

Tumesema "kilango". Wapiga picha wengi husema "shata", nalo ni neno hai ambalo hatuna haja ya kulipiga vita mitaani. Ila katika maandishi linaleta udhia kidogo, maana mwenye duka naye ana shata yake, lile pazia la bati analoliteremsha jioni. Wengine wamejaribu "kifunga lenzi", na hilo halifai hata kidogo, kwa sababu msomaji atadhani ni kile kifuniko kinachovishwa lenzi ili isiingie vumbi. "Kilango" kinaeleza kazi yenyewe: mlango mdogo unaofunguliwa kwa muda uliopimwa, kisha unafungwa. Wavuvi na wanajiografia wana "kilango cha bahari", lakini hapana atakayevichanganya viwili hivyo. Katika makala haya, basi, tutatumia kilango.

Kilango ni cha namna mbili. Kilango cha vibamba hukaa katikati ya lenzi, baina ya vioo vya mbele na vya nyuma. Vibamba vyake vya chuma chembamba, aghalabu vitano, huachana kutoka katikati kama kope na kufumba tena. Nyuma ya vibamba hivyo mna seti nyingine ya majani membamba yanayopanua na kupunguza tundu. Hiyo tutaiita mboni, kwa kuwa inafanya kazi ile ile ya mboni ya jicho. Namna ya pili ni kilango cha pazia, nacho hukaa nyuma ya kamera, mbele kidogo ya filamu. Ni kitambaa chenye mwanya, kinachopita kwa kasi mbele ya filamu.

Kwa upande wa vitenzi, Kiswahili hakina upungufu wowote. Mtegaji wa ndege ametuandalia kila kitu: mtego hutegwa, hufyatuliwa, nao hufyatuka. Kilango nacho hutegwa kwa mkono mdogo ulio ukingoni, yaani mkono wa kutegea, ambao huivuta kamani. (Neno kamani linatoka kwa mafundi saa, na sioni kwa nini tuliache likafa ilhali tunaliandika springi kila siku.) Kikiisha kutegwa hufyatuliwa kwa kifyatuo, au kwa waya wa kufyatulia ili mkono usiitikise kamera. Mfasiri anayeandika "pakia shata" na kisha "achia shata" ametafsiri maneno ya Kiingereza, lakini ameuacha mtego ukutani.

Sasa tufike kwenye moyo wa mtambo. Kamani ikiachiwa bila kizuizi, vibamba hufunguka na kufumba kwa kasi moja tu, ile ya juu. Ili kilango kikae wazi kwa nusu sekunde au sekunde nzima, lazima kiwepo kitu cha kuishika kamani isikimbie. Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi hiyo ilifanywa na hewa: bastola ndogo ndani ya silinda iliisukuma hewa itoke polepole katika tundu jembamba. Kilango cha Kijerumani kilichoitwa Compound kilikuwa cha namna hiyo. Mnamo 1912 kikafuatiwa na Compur, kilichoiacha hewa na kutumia magurudumu ya meno yanayogongana na kidude kinachochezacheza, sawasawa na saa. Hata jina lake linasimulia habari hiyo, kwani limeundwa kwa kuliunganisha jina la Compound na neno la Kijerumani lenye maana ya mtambo wa saa. Huko Rochester, Marekani, kiwanda cha Ilex nacho kilitengeneza vilango vya magurudumu katika miaka hiyo hiyo.

Sehemu hiyo ya kuishika kamani tunapendekeza iitwe kikawizi. Palikuwa na rai ya kuiita kicheleweshi, ambayo ina ubaya mmoja. Kuchelewa ni kosa. Mwenye kuchelewa amepitwa na wakati aliowekewa. Kukawia si lazima kuwe kosa. Kilango kilichopangwa kukaa wazi sekunde moja kinakawia kama kilivyoamriwa. Kikikaa sekunde moja na nusu, ndipo kimechelewa. Tukiutunza mpaka huo baina ya vitenzi viwili, nusu ya kazi ya kueleza hitilafu imekwisha fanyika.

Kabla ya hitilafu zenyewe, ni vema kuyaondoa mambo ambayo si hitilafu, kwa sababu vilango vingi vinavyopelekwa kwa fundi ni vizima. Kilango kisichofyatuka pengine hakikutegwa. Vibamba visivyofumba pengine vimeshikiliwa na ule mkono mdogo unaoviweka wazi ili mtu aitazame taswira, naye amesahau kuurudisha. Na mara nyingine kosa liko katika herufi, ambazo zinawahusu wafasiri moja kwa moja.

Kwenye pete ya kilango huandikwa nambari na herufi. Nambari 25 si sekunde 25, bali ni sehemu moja ya 25 ya sekunde. Alama ya sehemu imeachwa kwa uchache wa nafasi. Herufi T inatokana na neno la Kiingereza la wakati: ukibonyeza mara ya kwanza kilango hufunguka, ukibonyeza mara ya pili hufumba. Herufi B huzua kichekesho. Ni ya neno la Kiingereza lililotaja kile kitufe cha mpira kilichominywa zamani ili hewa ikisukume kifyatuo. Kilango kilikaa wazi muda wote mpira ulipokuwa umeminywa. Neno hilo hilo limeingia katika lugha yetu kwa maana ya taa, ikawa balbu, na mfasiri asiye mwangalifu humfanya msomaji wake aitafute taa mahali pasipo na taa. Herufi M nayo ina sura mbili. Katika Compur za zamani zenye kisahani cha mwendo usoni, M ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya papo hapo. Katika vilango vya baadaye, M huashiria taa za mmweko za kuungua mara moja, ambazo huwashwa kitambo kidogo kabla ya vibamba kufunguka ili zipate kushika nguvu. Mtu akiunganisha taa ya mmweko ya umeme huku amepanga M, nuru humulika na kuzimika kabla kilango hakijafunguka, na filamu hutoka tupu. Atasema kilango kimekwama, ilhali kilango hakina kosa.

Herufi V nayo ni ya Kijerumani, ya mtambo unaompa mpiga picha nafasi ya kukimbia akajiunge na wenzake mbele ya kamera. Katika kilango kikuukuu, mtambo huo ndio wa kwanza kuharibika, nao ukisimama njiani hukishika kilango chote. Mafundi wengi hushauri usiguswe kabisa.

Tuje sasa kwenye hitilafu. Iliyo ya kawaida kuliko zote hujitokeza katika miendo ya polepole, sekunde moja hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Mpiga picha hufyatua, vibamba hufunguka, husikika mlio wa magurudumu, kisha mlio unapungua, unanyamaza, na pengine unaendelea tena kabla ya vibamba kufumba. Hii tuiite kusita. Sababu yake ni mafuta ya zamani katika kikawizi yaliyokauka yakawa kama gundi. Dalili ya kuithibitisha ni kwamba ukikitega na kukifyatua kilango mara 20 au 30, mwendo hurejea kiasi, na ukikiacha siku kadhaa hurudia kusita. Baridi huizidisha.

Kunata ni jambo jingine. Hapa ubaya uko katika vibamba vyenyewe. Vibamba vya kilango vimekusudiwa viteleze vikiwa vikavu. Tone dogo la mafuta likipenya baina yake huvifanya vishikamane kama karatasi zilizolowa, hata vikafunguka kwa uzito au vikakataa kabisa. Kusita husikika, kunata huonekana: ukikielekeza kilango kwenye nuru utaona mng'ao wa mafuta juu ya vibamba. Anayenata huchelewa katika miendo yote, ya haraka na ya polepole. Anayesita huchelewa katika ile ya polepole peke yake. Tofauti hiyo humwambia fundi afungue wapi.

Mwaka jana ilituletewa, kwa ajili ya kuthibitishwa, tafsiri ya karatasi ya maelekezo ya kutunza kamera za aina hii. Ofisi iliyoileta hatutaitaja. Ndani yake mliandikwa kwamba kilango kikikwama kitiwe mafuta kidogo. Maandishi ya asili yalisema hivyo juu ya ekseli za magurudumu ya kikawizi, baada ya kusafishwa, kwa ncha ya sindano; na katika sentensi iliyofuata yalikataza mafuta yoyote yasikaribie vibamba. Mfasiri alitumia "kukwama" mahali pote pawili, na katika kufupisha akaona sentensi mbili zinapingana, akaiacha moja. Aliyeachwa ndiye aliyekuwa muhimu. Mwenye kamera angeifuata karatasi hiyo, hitilafu ya kusita angeizidishia ya kunata, na mafuta yangetambaa mpaka kwenye vioo vya lenzi.

Katika vilango vya hewa hatari hiyo ni kubwa zaidi. Silinda ya hewa yapasa kuwa kavu. Tone la mafuta ndani yake huifanya bastola ikwame kwelikweli, na hapo neno kukwama ni halali yake: kitu kinachopaswa kupita hakipiti. Tunapendekeza neno hilo libaki kwa hali hiyo tu, ya sehemu iliyozuiwa isitembee kabisa, iwe ni bastola ndani ya silinda, jino la gurudumu lililovunjika, au mkono uliopinda.

Kulegea ni hitilafu ya kamani. Kamani iliyovutwa kwa miaka mingi, hasa katika kilango kilichowekwa kabatini kikiwa kimetegwa, hupoteza nguvu. Dalili yake ni kwamba miendo ya haraka haifikiwi: pete inasema 200, kilango kinatoa sehemu ya 120. Wenye vilango vya zamani wameizoea hali hii, na wengi hawaitengenezi. Huijua tu na kuihesabu. Inafaa kukumbuka hapa kwamba katika Compur nyingi mwendo wa juu kabisa una kamani yake ya ziada. Mwendo huo hupangwa kabla ya kutega. Anayeilazimisha pete baada ya kutega aweza kuvunja kitu ambacho hakuna kiwanda kinachokitengeneza tena.

Kutu si lazima ielezwe kwa kirefu. Mkaazi wa pwani anaijua.

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sekunde moja hupimwa kwa saa ya mkononi. Kwa miendo ya kati, simu nyingi za leo hupiga picha 240 za mjongeo kwa sekunde. Kilango huwekwa mbele ya dirisha, hufyatuliwa, kisha huhesabiwa picha ambazo ndani yake kimeonekana wazi. Sehemu ya 30 ya sekunde yapasa kutoa picha 8. Zikitoka 16, kilango kimechelewa maradufu, na nuru iliyoingia ni maradufu pia. Zaidi ya sehemu ya 60, picha ni chache mno na hesabu hiyo haiaminiki. Hapo hutakiwa kipimo chenye jicho la umeme.

Matokeo ya kipimo nayo yanataka istilahi mbili. Kilango ambacho kila mara hutoa sehemu ya 15 badala ya 30 kina kosa thabiti. Mwenyewe huandika jedwali dogo, akalibandika kwenye ubao wa lenzi, akaendelea na kazi yake miaka mingi. Kilango kinachotoa leo 15, kesho 22, keshokutwa 10, kina kosa la kuyumba, na jedwali halimsaidii. Cha kwanza chaweza kusubiri fundi. Cha pili hakifai kupelekwa kazini. Karatasi nyingi za maelekezo huzitaja hali zote mbili kwa neno moja, "si sahihi", na kwa hivyo humfanya mtu agharimike bure au apoteze filamu bure. Nuru ikizidi maradufu, filamu ya negativu huvumilia. Filamu ya rangi ya kutazamwa kwa projekta haivumilii.

Kusafisha kunahitaji tahadhari moja. Mafundi wengi hutumia petroli nyepesi, ile itiwayo katika viberiti vya utambi, nayo hushika moto upesi sana. Vioo vya mbele na nyuma hufunguliwa kwanza na kuwekwa mbali. Kukitumbukiza kilango kizima ndani ya petroli, kama wafanyavyo wenye haraka, huyayeyusha mafuta ya kikawizi na kuyasambaza juu ya vibamba, na petroli ikikauka mafuta hubaki huko. Zaidi ya hayo, majani ya mboni katika baadhi ya vilango vya zamani ni ya ebonaiti au karatasi ngumu, yasiyostahimili kuoshwa. Kitenzi "osha" kiepukwe. "Safisha kikawizi" na "pangusa vibamba" ni maagizo mawili tofauti.

Kilango cha pazia kina mambo yake. Mfano ulio maarufu ni Speed Graphic, kamera ya waandishi wa habari wa Marekani iliyoanza kutengenezwa Rochester mwaka 1912. Pazia lake katika miundo ya zamani lina mianya minne ya upana mbalimbali, na kamani yake hukazwa kwa daraja sita, hivyo kupatikana miendo 24, wa juu ukiwa sehemu ya 1000 ya sekunde. Kamera hiyo aghalabu ina vilango viwili kwa pamoja, vya vibamba mbele na pazia nyuma. Anayetumia cha mbele akasahau kuliacha pazia wazi hupata filamu tupu, na hiyo tena si hitilafu. Hitilafu yake halisi ni kuvuja: kitambaa cha zamani hupasuka vijitundu, na kila kijitundu huacha alama nyeusi katika negativu, yaani doa jeupe katika picha. Huchunguzwa gizani, kwa tochi iliyowekwa upande mmoja wa pazia na jicho upande wa pili.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalipatia jina la kuridhisha. Vibamba vya baadhi ya vilango, vikiisha kufumba kwa nguvu, hugongana na kuachana tena kwa kitambo kidogo sana, kisha hufumba kabisa. Nuru ya pili hupenya na kuacha kivuli juu ya taswira. "Kudunda" kumependekezwa, kwa kufuata mpira uangukao sakafuni, na "kupepesa", kwa kufuata jicho. La kwanza linaeleza sababu, la pili linaeleza kinachoonekana. Mafundi saa na wapiga picha walio na neno wanalolitumia kazini wanaombwa waliandikie Baraza, pamoja na sentensi moja au mbili za matumizi yake.